FOKLIFTI IENDANE NA GHALA

Sisi watu wa visiwani riziki yetu huja na kuondoka kwa bahari. Mchele na saruji huingia, karafuu hutoka. Na baina ya meli na duka lipo ghala. Gunia likipasuka humo, hasara humfikia mnunuzi. Kwa hiyo si jambo dogo idara au shirika linapoamua kununua foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo kwa meno mawili ya chuma.

Tunachohofia ni dhana kwamba foklifti zote ni sawa. Ya dizeli ina nguvu, huvumilia jua na mvua, na mahali pake ni uani na bandarini. Ikifanyishwa kazi ndani ya ghala lililofungwa, moshi wake huwa na kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, iwezayo kuua. Ya umeme haina moshi, nayo ndiyo ifaayo ghala la vyakula. Lakini betri zake za risasi na asidi hutoa gesi ya kulipuka zinapochajiwa, hivyo zahitaji mahali penye hewa. Wala tusisahau kwamba Unguja hupata umeme kwa waya upitao chini ya bahari, na kwamba ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Anunuaye ya umeme afikirie na jenereta.

Ipo pia iliyotengenezwa kwa njia nyembamba na rafu ndefu. Hiyo hutaka sakafu iliyo sawasawa. Na ghala dogo huenda likatosheka na kitoroli cha pampu cha kusukuma kwa mkono, kisichotaka mafuta wala umeme.

Jambo la pili ni dereva. Foklifti husimama kwa mizani: uzito wa nyuma hupingana na mzigo wa mbele. Iliyoandikwa tani 2 haibebi tani 2 katika kila hali. Mzigo ukikaa mbali kwenye ncha za meno, au ukiinuliwa juu mno, uwezo hupungua na mashine huweza kupinduka. Leseni ya gari haimfundishi mtu haya.

Jambo la tatu ni makuli na mahamali wetu. Mashine moja hufanya kazi ya migongo mingi, na si haki migongo iliyojenga biashara yetu itupwe. Hao ndio waijuao mizigo. Wawe wa kwanza kufunzwa.

Tunawaomba wakuu wanaohusika, kabla ya kutia saini, wapime mlango, sakafu na mzigo wa ghala lenyewe, na watenge fedha za mafunzo na vipuri pamoja na bei ya mashine. Kila chombo na wimbi lake. Na kila ghala na foklifti yake.