Mtoto Amerejea na Nyoka: Sheria Yasemaje?



Safu yetu ya sheria mwezi huu ilikusudiwa kuzungumzia mikataba ya kupanga nyumba. Imebidi mada hiyo iahirishwe, kwani imetufikia barua ya mama mmoja wa jamii yetu ambayo haikustahili kungoja zamu. Jina lake tumelihifadhi kama alivyoomba.

Mama huyo aeleza kwamba mwanawe wa miaka 12, ambaye kila kitabu anachoazima maktaba ni cha nyoka, alirejea nyumbani Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili na bati la biskuti kwapani. Ndani yake mlikuwa na nyoka hai, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, rangi ya kijani iliyofifia, na shingoni ana ukosi wa manjano uliopakana na weusi. Baba alikimbilia mpini wa ufagio. Mtoto akamkinga nyoka wake kwa mwili na kulia. Katika purukushani ile nyoka akajipindua tumbo juu, kinywa wazi, ulimi nje, akatoa uvundo ulioenea nyumba nzima. Wote walidhani amekufa. Punde si punde akajigeuza na kuanza kutambaa.

Jirani aliyekuja kutazama ndiye aliyezidisha hofu. Aliwaambia kwamba nyoka wa nchi hii wanalindwa na sheria, na kwamba polisi wakipata habari patakuwa na kesi. Sasa mama auliza mambo matatu: Je, mwanangu amevunja sheria? Je, sisi wazazi tuna lawama? Na kwa kuwa tumeshapeleka maombi ya uraia, je, bati hili la biskuti laweza kutuharibia?

Mama tulimjibu kwa simu siku ile ile, maana nyoka hangojei jarida. Lakini tumeona jibu hilo linawafaa wengi, kwa sababu watoto wetu wanakulia katika nchi ambayo shule huwafundisha kupenda viumbe vya porini, ilhali sisi tulikulia katika nchi za swila, koboko na moma, ambako mtu akimwona nyoka jambo la kwanza ni kutafuta fimbo. Mwenye kuumwa na nyoka, walisema wazee, akiona ung'ongo hushtuka.

NYOKA WENYEWE NI WATATU

Uingereza ina aina tatu tu za nyoka wa asili. Wa kwanza ni kipiri, ambaye watoto wetu shuleni humwita adder. Ni mfupi na mnene, aghalabu hazidi sentimita 60 au 70, na mgongoni ana mchoro wa misumeno kuanzia shingoni hadi mkiani. Huyu peke yake ndiye mwenye sumu. Wa pili ni nyoka wa majani, ambaye hupenda maji na vyura, hutaga mayai katika malundo ya majani yanayooza, na aweza kupita mita moja. Ukosi wa manjano na mchezo wa kujifanya maiti ni alama zake. Wa tatu ni nyoka laini, adimu kuliko wote, ambaye makazi yake ni nyika za mchanga za kusini, hasa Dorset, Hampshire na Surrey.

Zaidi ya hao yuko mjusi asiye na miguu, anayeng'aa kama shaba, ambaye wengi humuua bustanini wakidhani ni nyoka. Huyo hufumba na kufumbua macho. Nyoka hana kope.

Kwa maelezo ya mama, aliyekuwa batini alikuwa nyoka wa majani. Hana sumu, na kuuma kwake ni nadra mno.

JIBU LA SWALI LA KWANZA

Sheria kuu ni ile ya Wanyamapori na Maeneo ya Mashambani ya mwaka 1981, pamoja na marekebisho yake. Tunayoyaeleza hapa ni ya England na Wales. Uskochi ina taratibu zake, na walioko huko wasitegemee maelezo haya peke yake.

Chini ya sheria hiyo, ni kosa kumuua au kumjeruhi kwa makusudi nyoka yeyote kati ya hao watatu, na hata yule mjusi asiye na miguu. Ni kosa pia kumuuza, kutangaza kwamba unamuuza, au kuwa naye kwa nia ya kumuuza. Wazazi wazingatie kwamba katika sheria hii neno kuuza limebeba pia kubadilishana. Mtoto anayempa mwenzake nyoka ili apewe mpira au mchezo wa kompyuta hajafanya utani wa shuleni. Ameingia katika biashara iliyokatazwa. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miezi 6, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili.

Je, kumkamata tu? Hapa ndipo nyoka hutofautiana. Kwa kipiri na nyoka wa majani, sheria ya 1981 haikulifanya tendo la kumshika peke yake kuwa kosa, maadamu hakuumizwa wala hakuna biashara. Lakini nyoka laini analindwa kwa ukamilifu, na Kanuni za Uhifadhi wa Makazi na Viumbe za mwaka 2017 zimekaza fundo hilo zaidi. Kumkamata kwa makusudi, kumsumbua, kuwa naye nyumbani, hata kuharibu mahali anapopumzika, yote ni makosa. Anayehitaji kumgusa lazima awe na leseni, ambayo England hutolewa na Natural England na Wales na Natural Resources Wales. Nayo hutolewa kwa ajili ya utafiti, elimu au uhifadhi. Mtu anayetaka tu kujaza matangi yake ya kioo hana sababu inayokubalika. Aidha, hifadhi nyingi zina kanuni zake zinazokataza kuondoa kiumbe chochote, awe wa aina yoyote.

Basi mtoto wetu, kwa kumshika nyoka wa majani, hakuvunja sheria ya 1981. Aliyeikaribia ni baba na mpini wake wa ufagio. Lau pigo lile lingefika, mkosaji angekuwa mtu mzima aliyedhani anaiokoa nyumba yake.

JIBU LA SWALI LA PILI

Hata hivyo mzazi asishushe pumzi upesi. Kifuniko cha bati kilipofungwa, sheria nyingine ilianza kazi: ile ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006. Nyoka akiwa porini ni wa pori. Akiwa chini ya mamlaka ya mwanadamu, hata kwa muda mfupi, mwanadamu huyo ana wajibu. Asimtese, na aliyejichukulia jukumu la kumtunza ampe makazi yanayomfaa, chakula chake, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi. Bati la biskuti chini ya ngazi halitimizi hata moja.

Na mwenye jukumu ni nani? Sheria imetamka wazi: mnyama akiwa chini ya mtoto wa umri usiofika miaka 16, mzazi au mlezi mwenye kumwangalia mtoto huyo ndiye huhesabiwa kuwa na jukumu. Kwa hiyo kauli ya "nyoka ni wa mtoto, mimi sihusiki" haisimami mahakamani. Tangu mwaka 2021 adhabu ya juu ya kumtesa mnyama imepandishwa kufika kifungo cha miaka 5.

JIBU LA SWALI LA TATU

Swali la uraia ndilo lililomkosesha mama usingizi, nasi hatutalipuuza. Katika England na Wales mtoto huanza kuwajibika kwa makosa ya jinai akiwa na miaka 10. Anayeomba uraia hutazamwa mwenendo wake na huulizwa makosa yake, na sharti hilo la mwenendo mwema huwahusu pia watoto waliofika miaka 10. Kwa hiyo hofu ya mama haikuwa ya kijinga.

Lakini kilichotokea ndani ya nyumba yake hakijafika huko. Hapakuwa na kuua, kujeruhi, kuuza wala kutesa kwa muda mrefu. Palikuwa na mtoto mwenye shauku na wazazi wenye hofu. Tulimshauri amrejeshe nyoka siku ile ile, mahali pale pale alipochukuliwa, wala si katika bustani yoyote ya karibu, kwa sababu nyoka huishi kwa kulifahamu eneo lake, mahali pa kuota jua na pa kujificha wakati wa baridi. Baba mwenyewe ndiye aliyeendesha gari, na mtoto akaufungua mfuniko. Mama atuarifu kwamba nyoka aliingia katika nyasi za kando ya bwawa bila kugeuka nyuma.

LAU ANGEKUWA KIPIRI

Jambo lingekuwa jingine kabisa. Kwanza ni hatari ya sumu. Kuumwa na kipiri ni maumivu na uvimbe mkubwa. Vifo ni nadra sana, na cha mwisho kilichojulikana hapa ni cha mtoto wa miaka 5 huko Uskochi mwaka 1975. Hata hivyo kila aliyeumwa apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba, wala msimfukuze nyoka ili kumpeleka kwa daktari.

Pili, Sheria ya Wanyama Hatari wa Porini ya mwaka 1976 yamtaka kila anayefuga nyoka wa jamii ya vipiri, pamoja na fira na koboko, awe na leseni ya halmashauri ya mtaa. Mwombaji lazima awe na umri wa kutosha, mahali pake pakaguliwe na daktari wa mifugo, na awe na bima. Mtoto wa miaka 12 na bati lake yuko mbali na masharti hayo.

TUNAPOKWENDA LIKIZO NYUMBANI

Tumesikia vijana wakisema: kama hapa haramu, tutakamata huko Afrika na kuja nao. Huo ndio mlango wa matatizo makubwa zaidi. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unawalinda chatu wote, na Kenya, Tanzania na Uingereza zote ni wanachama. Kenya ilikataza uwindaji tangu mwaka 1977 na ina sheria kali ya wanyamapori ya mwaka 2013. Tanzania nayo ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai mwaka 2016. Mwaka huo huo, katika mkutano wa Johannesburg, Kenya iliomba vipiri wake wawili waingizwe katika orodha ya mkataba: yule wa misitu ya Mlima Kenya na yule mwenye pembe wa Bonde la Ufa. Ilifanya hivyo kwa sababu wapenzi wa nyoka wa nchi za nje waliwatamani mno. Mikoba na mikanda ya ngozi ya chatu nayo ina masharti ya vibali. Asinunue mtu kabla ya kuuliza.

Kinyume chake pia ni kosa. Nyoka wa kigeni aliyechosha nyumbani haachiliwi porini. Sheria ya 1981 imekataza, na kando ya mfereji wa Regent's jijini London hadi leo kuna nyoka wa kutoka bara la Ulaya ambao wameshazaliana.

MTOTO MWENYE SHAUKU TUMFANYE NINI?

Ndugu wazazi, tusimzime mtoto huyu. Shauku yake ina njia halali. Amphibian and Reptile Conservation, pamoja na vikundi vya wilaya vya wapenzi wa nyoka na vyura, huwapokea watu wa kujitolea wanaohesabu nyoka na kutunza makazi yao, na huko mtu hujifunza chini ya wenye leseni. Kumpiga picha nyoka kwa mbali, na kuandika tarehe na mahali, ni mkusanyo usiomkosesha mtu usingizi.

Na akitaka wa kufuga, wapo nyoka wasio na sumu waliozaliwa mikononi mwa wafugaji, mathalan nyoka wa mahindi wa Marekani, ambaye hahitaji leseni. Muuzaji haruhusiwi kumuuzia mtoto chini ya miaka 16, hivyo mzazi ndiye atakayenunua, na mzazi ndiye atakayebeba jukumu. Atunze risiti yenye jina la mfugaji. Nyoka huyo aweza kuishi miaka 15 na zaidi. Atakuwa angali nyumbani wakati mtoto amekwenda chuo.

Mama mwenye barua ametuambia kwamba baba, ambaye hapo kwanza alishika ufagio, sasa ndiye anayempeleka mwanawe matembezi ya Jumamosi. Hukaa mbali na nyasi, mikono mfukoni, lakini huenda.

Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutarejea katika mikataba ya nyumba. Wenye maswali wayaandike na kuyaacha kwa mhariri kama kawaida.

Wenu katika safu ya sheria.