Namba za maji ya Uvira zisikiwe siku ile ile

Ukimwuliza mkaaji wa Uvira kiwanda cha hapa ni kipi, pengine atataja sukari ya Kiliba, kisha atakumbuka kwamba mashine zake zilinyamaza miaka ya 1990. Wachache watataja kile cha Mulongwe, kiwanda cha maji cha Regideso. Nacho ni kiwanda kweli: kinapokea maji ya mto, kinatoa matope, kinachuja, kinatia klori, kinasukuma kwenye mabomba. Bidhaa yake inanywewa kabla mnywaji hajajua kama ilitengenezwa vizuri.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na watafiti wa chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya tropiki cha London, ulilinganisha vitabu viwili vya mji huu: kile cha maji yaliyotoka kiwandani kila siku, na kile cha wagonjwa waliopokelewa kituo cha kipindupindu, kuanzia 2009 hadi 2014. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka ya kutosha.

Maana yake ni kwamba onyo lilikuwa limeandikwa. Mtu fulani alikaa kiwandani akajaza daftari lake kila siku, na apongezwe kwa hilo. Lakini namba zile zilikuja kusomwa pamoja baada ya miaka. Kipimo kikisomwa saa ile ile, fundi anaweza kurekebisha na mama anaweza kuchemsha. Kikisomwa mwaka ujao, kinasaidia kuhesabu waliougua tu.

Tena wingi wa maji ni nusu ya habari. Mvua ikipiga milimani, Mulongwe unashuka ukiwa mwekundu kwa udongo, na watu wa hapa wanajua tangu Aprili 2020 mto ule unaweza kushuka vipi. Matope yanakula klori. Kiasi kilichotosha asubuhi hakitoshi saa tisa alasiri, hata kama fundi ni yule yule na dawa ni ile ile. Ndiyo sababu klori na uchafu wa maji havipimwi mara moja kwa siku. Wakati wa kipindupindu, klori inayobaki kwenye maji ya bomba inatakiwa isiwe chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Kuna vipimo vinavyokaa ndani ya bomba na kutuma namba kwenye simu kila dakika chache. Vinataka umeme, na umeme unakatika, kwa hiyo viwekewe sola. Vinataka pia mtu wa kuvisafisha, la sivyo vitaleta namba za uongo. Mahali ambapo havijafika, kidonge kinachogeuza maji kuwa na rangi ya waridi kinatosha, mradi kitumiwe mara nyingi.

Namba ya kiwandani peke yake isimdanganye mtu. Umeme ukikatika mabomba yanabaki matupu, na bomba tupu lenye ufa linavuta maji ya mfereji. Maji yakirudi yanabeba uchafu huo. Kwa hiyo kipimo kinachomhusu mkaaji ni cha bomba la mwisho, kule Kalundu au Kavimvira, hasa saa ile maji yanaporudi.

Na familia zilizokimbia makwao? Hazina mita wala bili. Zinalala kwa jamaa, makanisani, kwenye madarasa, na maji yao ni bidoni iliyojazwa kwa jirani au ziwani. Klori inapungua ndani ya bidoni kadiri saa zinavyopita. Mpimaji asiyefika kwenye bidoni hizo anawaacha nje watu walio karibu zaidi na hatari. Hapo hakuna haja ya mtambo mkubwa: vijana wawili, vidonge vya kupimia, simu moja.

Wapo wanaosema namba zikitangazwa watu wataogopa, au watakataa kulipa bili. Hofu ipo tayari, kila mara mtoto anapoharisha usiku. Na kuhusu bili, mteja hulipa kwa moyo zaidi akijua anachonunua. Kinachotia shaka ni kimya, kwa sababu maji mabaya yanaweza kuwa meupe kabisa machoni.

Redio za hapa zinasoma matangazo ya vifo, mikutano na vitu vilivyopotea. Zinaweza kusoma sentensi tatu zaidi, asubuhi na jioni: maji yamerudi mitaa ipi, klori kwenye bomba la mwisho ilikuwa ngapi na saa ngapi, na kama leo watu wachemshe au watie dawa kwenye bidoni. Jioni ambayo hakuna kipimo, isemwe hivyo hivyo: leo hakikupimwa.