Shajara ya Porini na Uaminifu wa Kitenzi

Mwanachuo wa Nyundo anayejiandaa kwenda nchi ya nje kutazama wanyamapori hatasahau simu ya kupigia picha. Tunashauri asisahau daftari. Picha huonyesha mnyama alivyokuwa kwa nukta moja. Shajara hueleza alitoka wapi, alifanya nini, na mwandishi alijuaje.

Wapo wanaodai kwamba shajara ya aina hiyo sharti iandikwe kwa Kiingereza, ati ndiyo lugha ya sayansi. Kumbukumbu za Gombe, mkoani Kigoma, zakanusha dai hilo. Jane Goodall alianza utafiti wake huko mwaka 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe akitumia bua kuopoa mchwa kichuguuni. Mwaka 1975 wanafunzi wanne walitekwa nyara na watafiti wa kigeni wakaondoka. Kazi haikukoma: Watanzania waliendelea kuwafuata sokwe na kuandika habari zao kwa Kiswahili.

Hata hivyo, kuandika kwa Kiswahili pekee hakutoshi. Kitenzi nacho sharti kiwe kiaminifu. Tulinganishe:

(a) Sokwe alikula mchwa asubuhi.
(b) Sokwe amekula mchwa hapa.
(c) Sokwe hula mchwa asubuhi.

Sentensi (a) ni ya aliyeshuhudia: kiambishi -li- hulifunga tendo katika wakati wake. Sentensi (b) yaweza kuandikwa na mtu aliyekuta kichuguu kimetobolewa na bua limeachwa kando. Kiambishi -me- chaeleza hali iliyobaki. Lakini kwa kuwa mla hakuonekana, uaminifu wadai neno "huenda" litangulie. Sentensi (c) ndiyo nzito kuliko zote. Kiambishi hu- chadai mazoea, na mazoea hayathibitishwi kwa ziara ya siku 3. Aliyekaa miaka mingi ndiye mwenye haki nacho.

Kosa hili si dogo kwa mwalimu mtarajiwa. Akiandika hu- baada ya asubuhi moja, darasa zima litapokea bahati ya siku ile kama kanuni ya maumbile.

Kwa hiyo, kabla ya kuvuka mpaka, mwanachuo na ajizoeze katika msitu wa Gishwati, ambao ni jirani yetu na una sokwe wake. Kila jioni akipigie mstari kila kitenzi, kisha ajiulize: niliona, nilikisia, au niliambiwa?