Mtoto anataka kulipwa kwa kucheza? Tuanze na bega lake

Wiki iliyopita nilikuwa Chwaka. Maji yalikuwa yamekupwa, na kule mchangani watoto walikuwa wakicheza kriketi. Ndoo iliyopinduliwa ndiyo wiketi, ubao wa kuchonga ndio gongo, na mpira ni wa tenisi. Baba wa mmoja wao, mvuvi, alinisogelea.

“Mwanangu, wewe unaandika mambo ya afya. Huyu wangu ana miaka 11. Kriketi kaiona kwenye simu ya kaka yake, sasa hataki kingine. Usiku anaangalia mechi, skuli anasinzia, bega linamuuma. Anasema atalipwa kwa kucheza. Nimkataze?”

“Usimkataze, Ami,” nilimwambia. “Ila tumtazame aliyepita njia hiyo kabla yake.”

Yupo mtu wa kwetu Afrika Mashariki. Basharat Hassan alizaliwa Nairobi mwaka 1944, akaenda Uingereza na kuwa mpigaji wa kulipwa wa klabu ya Nottinghamshire kuanzia 1966 hadi 1985. Alicheza mechi kubwa zaidi ya 300 na kukusanya mikimbio zaidi ya 14,000. Mwaka 1981 klabu yake ilitwaa ubingwa, naye akiwa kikosini.

Sasa tazama upande wa pili. Katika mechi zote hizo kubwa, mara alizofikisha mikimbio 100 kwa zamu moja ni 15 tu. Timu ya taifa ya England hakuichezea. Zama zile wachezaji wengi wa klabu walilipwa kwa msimu wa Aprili hadi Septemba tu, na miezi mingine kila mmoja alijitafutia. Ndivyo yalivyo maisha ya wachezaji wengi wa kulipwa: siku za kawaida ni nyingi, za kushangiliwa chache. Anayefika mbali ni yule ambaye mwili wake unaweza kurudi uwanjani mwaka baada ya mwaka.

Mwili huo unatunzwa tangu utotoni, na hapo ndipo kazi ya mzazi ilipo.

Kwanza, bega. Mifupa ya mtoto hukua kutokea karibu na ncha zake, na sehemu hizo ni laini. Kurusha mpira mara nyingi kila siku huziumiza. Maumivu yakianza, aache kurusha. Yasipoisha kwa siku chache, au mkono ukishindwa kunyanyuka, mpeleke kituo cha afya. Usimkande kwa nguvu.

Pili, usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Simu ilale chumbani kwa mzazi.

Tatu, mapumziko. Kila wiki awe na siku moja au mbili bila mazoezi. Saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake: wa miaka 11, saa 11. Achanganye na kuogelea na soka, ili viungo vilevile visichoke kila siku.

Nne, mpira. Ule wa kriketi ni mgumu, una gramu 160 hivi. Hassan alianza zama ambazo wapigaji hawakuvaa kofia ngumu. Zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtoto asiye na kofia abaki na mpira wa tenisi.

Tano, skuli. Hata aliyecheza miaka 20 alistaafu akiwa na miaka 41, na maisha bado yapo mbele.

Yule baba alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwanawe. Kijana alikuja akiburuta ubao, akidhani ananyang’anywa.

“Gongo ni lako,” alimwambia. “Lakini wiki hii hurushi mpira, na simu naichukua mimi baada ya Isha.”

Kijana alishika bega lake. “Kupiga je, baba?”

“Likiacha kuuma.”