Kiambishi -ni si Alama ya Uhusika: Ushahidi wa Kituruki

Kiambishi -ni kinachopatikana katika neno nyumbani huelezwa mara nyingine kuwa ni alama ya uhusika wa mahali, sawa na -de ya Kituruki. Ulinganisho huo unavutia, kwani ev ni 'nyumba' na evde ni 'nyumbani'. Hata hivyo, umilikishi ukizingatiwa, hoja hiyo haisimami.

Katika Kituruki, viambishi tamati vya nomino hufuata mpangilio thabiti: wingi, kisha umilikishi, kisha uhusika. Neno evlerimde, yaani 'katika nyumba zangu', lina mofimu nne: ev (nyumba), -ler (wingi), -im (umilikishi wa nafsi ya kwanza umoja) na -de (mahali). Uhusika ukibadilika, -im hubaki vilevile: evim, evime, evimde, evimden. Uhusika, basi, huonyesha dhima ya nomino katika sentensi bila kugusa uhusiano wa mmiliki na kinachomilikiwa.

Kiswahili hakifanyi hivyo. Nyumba yangu ikiongezewa -ni haiwi 'nyumbani yangu', bali nyumbani kwangu, pangu au mwangu. Kiambishi hicho kimeihamisha nomino kutoka ngeli yake na kuiingiza katika ngeli za mahali, na kimilikishi kimelazimika kufuata. Kitenzi nacho hufuata: nyumbani kumetulia, mezani pamejaa vitabu. Katika Kituruki, nomino yenye -de haiwezi kuwa kiima cha sentensi. Isitoshe, Kituruki hutofautisha evde (mahali alipo mtu), eve (aendako) na evden (atokako), ilhali Kiswahili hutumia nyumbani kwa zote tatu na kukiachia kitenzi kazi ya kubainisha: yuko nyumbani, anakwenda nyumbani, anatoka nyumbani.

Huenda ikadaiwa kwamba huu ni ubishi wa istilahi tu. La hasha. Mwanafunzi anayeelezwa kwamba -ni ni uhusika ataziona kwangu, pangu na mwangu kuwa ni vighairi vya kukaririwa, ilhali zinatawaliwa na upatanisho uleule unaotawala nomino zote za Kiswahili. Manufaa ya kukilinganisha Kiswahili na Kituruki yamo katika kuidhihirisha tofauti hiyo, wala si katika kuazima istilahi isiyolingana na data.