Msikiti wa Nyikani na Mafiga Yake Matatu

Usiku mmoja, baada ya swala ya isha, nilikaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, pamoja na mzee mmoja mwenye asili ya Barawa. Mzee huyu aliingia Mombasa kwa jahazi mwaka 1991, vita vilipopamba moto Somalia, akakaa kambini kama walivyokaa maelfu ya wenzake. Kambi zilipofungwa, baadhi ya jamaa zake walipelekwa Marekani. Yeye akabaki huku, kwa kuwa lugha yake ni ndugu na Kiswahili na kaburi la mkewe liko huku.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ni mtu wa magazeti. Mpwa wangu yuko mahali paitwapo Kansas. Asema akitoka nje haoni mlima wala bahari, ni majani na mbingu tu. Hebu nambie, huko waswali wapi? Na mtu akifa, azikwa wapi?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na nililolipata nawaletea wasomaji, maana swali la mzee huyu si la mtu mmoja. Wengi wetu tuna ndugu, mpwa au jirani aliyekwenda mbali, na tukisikia Marekani hudhani ni New York na maghorofa. Kumbe kuna Marekani nyingine, ya miji midogo ya nyikani, ambako Muislamu wa kwanza alifika zamani kuliko tunavyofikiri.

NCHI YA MAJANI

Katikati ya Marekani, kutoka mpaka wa Canada hadi Texas, imetandaa nyika tambarare ya majani. Nchi hiyo ilikuwa ya Wahindi Wekundu na makundi ya nyati kabla serikali haijawaondoa. Mwaka 1862 ilitungwa sheria ya kugawa ardhi: mtu aliyekubali kukaa na kulima kwa miaka 5 alipewa ekari 160. Reli ikapita, na kando ya reli ikachipuka miji midogo, kila mmoja na kituo chake, kanisa lake, skuli yake, duka lake na maghala marefu ya nafaka yanayoonekana toka mbali kama minara.

Baadaye zikaja trekta na mashine za kuvuna. Kazi iliyotaka watu kumi ikafanywa na mmoja. Vijana wakahamia mijini, skuli zikaunganishwa, maduka yakafungwa. Wilaya nyingi za nyika hiyo zilikuwa na watu wengi zaidi miaka mia moja iliyopita kuliko zilivyo nao leo. Mji mdogo wa nyikani, basi, ni mahali ambapo kila mtu ajua ni nani kazaliwa na ni nani kahama, na ambapo familia moja ikiondoka pengo laonekana.

MSIKITI WA ROSS

Katika jimbo la North Dakota, karibu na mpaka wa Canada, kuna kijiji kiitwacho Ross, chenye watu wapatao mia moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 walifika hapo Waarabu wa Sham, kutoka sehemu ambazo leo ni Lebanon na Syria, na ambazo wakati ule zilikuwa chini ya Waturuki. Walichukua ardhi kama wengine, wakalima ngano, wakavumilia baridi ambayo mtu wa pwani hawezi kuiwaza. Walikuwa wakiswali majumbani mwao, kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Mwaka 1929 walijenga msikiti. Haukuwa na mnara wala kuba. Ulikuwa chumba kilichochimbwa nusu ardhini ili kuzuia baridi, chenye jiko la kupashia joto. Hata hivyo unahesabiwa miongoni mwa misikiti ya kwanza kabisa iliyojengwa Marekani kwa nia hiyo tangu msingi.

Lakini tazameni tarehe. Mwaka 1924, miaka 5 kabla ya msikiti ule kusimama, Marekani ilipitisha sheria kali ya wahamiaji iliyokaribia kufunga kabisa mlango kwa watu wa nchi kama Syria. Ina maana kwamba siku walipoanza kujenga, hapakuwa na ndugu wapya wa kuja kuujaza. Kisha miaka ya 1930 ikaleta mambo mawili kwa pamoja: ukame uliopeperusha udongo wa mashamba kama vumbi, na mdororo wa biashara duniani. Wengi wakauza ardhi wakahama. Waliobaki walizaa watoto waliosoma Kiingereza, wakaoa na kuolewa na majirani Wakristo, na majina ya Kiarabu yakageuka ya Kizungu. Hapakuwa na mwalimu wa kukaa na watoto hao.

Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyeuchoma msikiti wao. Ulikosa watu tu, ukachakaa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukabomolewa. Mwaka 2005 wajukuu na jamaa walijenga hapo msikiti mdogo wa kumbukumbu, wenye kuba na minara minne. Yaliyobaki toka zamani ni makaburi, na lango lake lenye alama ya mwezi.

WALIOSALIMIKA

Si kila jamaa ya nyikani ilikwisha hivyo. Katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Waislamu wa asili hiyo hiyo walifungua msikiti mwaka 1934, na jengo lake lasimama mpaka leo. Na ng'ambo ya mpaka, Edmonton nchini Canada, ulifunguliwa mwaka 1938 msikiti wa Al Rashid, wa kwanza katika nchi ile. Aliyehangaika sana kuutafutia kiwanja na fedha ni mwanamke, Bibi Hilwie Hamdon, aliyekwenda mpaka kwa meya wa mji kuomba ardhi, kisha yeye na wenzake wakachangisha kwa Waislamu na wasio Waislamu. Nawataja kwa sababu hatuna budi kuuliza: kwa nini hawa wakasimama na wale wa Ross wakazama? Imani yao ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika kazi na wingi wa watu. Cedar Rapids na Edmonton ilikuwa miji yenye biashara, iliyoendelea kuvuta watu. Ross ilikuwa na shamba tu, na shamba likakauka.

GARDEN CITY NA NYAMA

Sasa tuje Kansas. Kusini magharibi mwa jimbo hilo uko mji wa Garden City, wenye watu kama 28,000. Kwa hesabu ya nyikani huo ni mji mkubwa, ingawa Mmarekani wa pwani atauita kijiji. Mwaka 1980 kilifunguliwa karibu nao, mahali paitwapo Holcomb, kiwanda kikubwa cha nyama chenye uwezo wa kuchinja ng'ombe wapatao 6,000 kwa siku. Wenyeji hawakutosha kwa kazi ile, na wengine hawakuitaka: kusimama saa nzima baada ya saa nzima kwenye baridi, kisu mkononi, nyama ikipita kwenye mnyororo usiosimama. Wakaja Wavietnamu waliokimbia vita, wakaja watu wa Mexico na Amerika ya Kati, na tangu katikati ya miaka ya 2000 wakaja Wasomali, wengi wao wakiwa wamepitia kambi zetu za Kenya. Ndiyo maana mji huu haukufa kama wenzake.

Hapa ndipo swala inapogongana na kazi. Kwetu pwani jua halina mchezo. Mwaka mzima magharibi huwa karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, ikizidi au ikipungua ni kwa dakika. Kansas sivyo. Wakati wa kiangazi jua huzama kama saa tatu usiku, na wakati wa baridi kama saa kumi na moja na nusu jioni. Jua lasogea, lakini mapumziko ya kiwandani hayasogei. Na mtu mmoja akitoka kwenye mnyororo, nyama yamrundikia jirani yake. Nyapara anaona hasara, mfanyakazi anaona dhambi.

Mwezi wa Desemba 2015 jambo hili lililipuka katika mji mwingine wa nyikani, Fort Morgan, jimbo la Colorado. Wafanyakazi Waislamu wapatao 150, wengi wao Wasomali, walifukuzwa na kampuni ya nyama baada ya kugoma kwa sababu ya swala. Kampuni ilikana kuwazuia kuswali. Shauri likaenda mbele, na mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kwa wafanyakazi 138 bila kukiri kosa. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Mkristo aliyekataa kufanya kazi Jumapili, kwamba mwajiri asimnyime mtu haki ya dini yake kwa usumbufu mdogo tu, mpaka aonyeshe kwamba biashara itaumia sana. Nionavyo mimi, hukumu ile ya Jumapili ya Mkristo ni ngao pia kwa magharibi ya Muislamu.

MABOMU NA MAJIRANI

Mwaka 2016 Garden City iliponea chupuchupu. Wanamgambo watatu wazungu walipanga kuegesha magari yenye mabomu kwenye pembe nne za fleti walimokaa Wasomali, ambamo chumba kimoja kilikuwa msikiti. Walitaka kufanya hivyo baada ya uchaguzi wa Novemba mwaka huo. Mtu mmoja aliyekuwa katika kundi lao aliona uovu umezidi, akawaarifu makachero wa FBI. Mwezi wa Oktoba wakakamatwa. Baraza la mahakama liliwaona na hatia mwaka 2018, na Januari 2019 wakafungwa miaka 30, 26 na 25.

Wengi wetu tunapoisikia habari hii husema, "Waona, Mzungu hamtaki Muislamu." Lakini tusikate habari nusu. Aliyewasaliti wauaji hao alikuwa mtu wa huko huko. Baraza lililowahukumu lilikuwa la watu wa Kansas. Na baada ya kukamatwa kwao, mkuu wa polisi wa mji alikwenda kwa Wasomali kuwatuliza na kuwahakikishia ulinzi. Ujirani ni kusimama upande wa mwenzako siku ya shida.

MAFIGA MATATU

Wazee wetu walisema mafiga ni matatu, moja haliinjiki chungu. Nikiipima miji hii naona mafiga matatu ya jamaa ndogo ugenini: kazi, mlango wa kuingia ndugu wapya, na mafunzo ya watoto. Ross ilipoteza yote matatu.

Je, Garden City? Kazi ipo, lakini imeegemea nguzo chache. Mwezi wa Agosti 2019 kiwanda cha Holcomb kiliungua moto, kikafanya kazi tena mwezi wa Desemba. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalienea vibaya katika wilaya za viwanda vya nyama za Kansas, kwani watu walisimama bega kwa bega. Na chini ya yote hayo kuna maji. Mahindi ya kulisha ng'ombe hao hunyweshwa kwa maji ya hazina kubwa iliyo chini ya ardhi, iitwayo Ogallala, na katika magharibi ya Kansas yachotwa haraka kuliko mvua inavyoyarudisha. Maji yakikauka ng'ombe watahama, na ng'ombe wakihama, kazi itawafuata.

Mlango nao umetikisika. Mwaka 2017 Somalia iliwekwa katika orodha ya nchi ambazo watu wake walizuiwa kuingia Marekani. Amri ile ikaondolewa mwaka 2021. Mwezi wa Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, na mwezi wa Juni mwaka huo Somalia ikarudishwa kwenye orodha. Maelfu waliokuwa wakingoja Dadaab na Kakuma wakakatika tamaa. Msomaji akumbuke ile sheria ya 1924. Aliyefungiwa nje humwona aliyefunga kuwa dhalimu, na ana haki. Lakini na yule aliyekwisha ingia huanza kupungua polepole, kwa kuwa hapati imamu mpya, hapati bibi arusi wa kwao, hapati mtoto wa shangazi wa kumkumbusha lugha.

Limebaki figa la tatu, na hili halimo mikononi mwa rais yeyote. Mtoto wa Msomali au wa Mbarawa anayesoma Kansas atazungumza Kiingereza, na si vibaya. Hatari ni akikosa wa kumfundisha alifu na be, akaiona dini ni habari ya baba na kiwanda chake. Bomu lilizuiwa na polisi. Usahaulifu hauna polisi. Ross haikuuawa na adui. Iliisha nyumba moja baada ya nyingine, huku kila mmoja akidhani nyumba ya pili ingeshika.

Nilirudi barazani nikamweleza mzee haya yote. Alisikiliza kimya, tasbihi mkononi. Nilipomtajia lango la makaburi ya Ross lenye mwezi, alinikatiza.

"Basi pa kuzikwa pako," alisema.

"Pako, mzee."

"Maiti hana shida, mwanangu. Hata nyikani atasitiriwa. Mimi namwogopea aliye hai." Kisha akatoa simu mfukoni, akanipa nimtafutie namba ya mpwa wake. Hakutaka kumuuliza habari za mshahara wala za baridi. Alitaka kujua ni nani anayewasomesha watoto.

Na kila mwenye jamaa yake mbali, nyikani au mjini, namuusia aulize swali hilo hilo.