Ziruke Ziangukie Wapi?
Eti chembe za silikoni zinazong'aa zitaonyesha saratani na kubeba dawa, hivyo wilaya za Kibondo na Kasulu ziachane na vipimo vya kizamani, ziruke hatua. Ziruke ziangukie wapi? Mwaka 2009 watafiti wa San Diego walimulika uvimbe wa panya kwa chembe hizo. Panya! Mwanga wenyewe hupenya nyama kidogo tu. Ini la mtu mzima limejificha ndani zaidi. Chembe huyeyuka na kutoka na mkojo, sawa, sifa njema. Hicho "cha kizamani" ni pamba yenye siki: muuguzi anapaka mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, pakigeuka peupe pana jambo. Akihitaji mionzi, mgonjwa anapanda basi hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Nauli atalipa panya?